AC ya nyumbani inadondosha maji: lini ni kawaida, lini uizime, na kwa nini usiharakie kulipia gesi

MLETA UZI

Habari zenu wakuu.

Joto la Dar limeshapanda na simu ninazopigiwa ni za kilio kimoja: "Fundi, AC inatumwagia maji kitandani." Nikifika, mara nyingi nakuta kuna mtu ameshanitangulia. Kachomeka geji (kipimo cha presha ya gesi), kasema gesi imepungua, kajaza, kalipwa, kaondoka, na maji yanadondoka palepale. Linaniuma sana hili, kwa sababu anayelipa ni mtu aliyejibana akanunua AC ili watoto wake walale. Nimeona niandike ninachokijua kuhusu maji ya AC, ili fundi akija nyumbani kwako ujue anagusa nini na kwa nini.

Tuanze na maji yenyewe. AC haiwekewi maji popote, na gesi haigeuki kuwa maji. Hayo maji yalikuwa humohumo chumbani, hewani. Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani: dakika chache tu inatoka jasho, na hakuna soda iliyovuja. Ndivyo ilivyo ndani ya uniti ya ndani. Mle kuna koili, yaani mabomba ya kopa (shaba) yaliyopita katikati ya mapezi membamba ya aluminiamu, na AC ikifanya kazi koili hiyo ina baridi ya nyuzi 5 mpaka 12 hivi. Hewa ya Dar mwezi wa pili, yenye nyuzi 31 au 32 na unyevu wake wote, inaanza kutoa maji ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 au 25. Kwa hiyo koili inalowa muda wote AC inapopoza.

Na si maji kidogo. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) usiku wa unyevu inaweza kukamua lita moja kwa saa, na mwanzoni, chumba kikiwa bado cha moto, hata zaidi. Ukilala kwa muda wa saa nane ndoo ndogo inajaa. Kukamua maji ni kazi ambayo mashine hizi zilitengenezewa tangu mwanzo: mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zinavimba na kusinyaa kwa unyevu hadi rangi zinapishana. Hoja ilikuwa unyevu. Kupoza watu kulikuja baadaye.

Basi ukiona maji yanatiririka nje kwenye kale kampira, shukuru, AC yako ni nzima. Cha kukushtua ni kinyume chake: ni Machi, uko Kigamboni au Mombasa, AC imewaka kwa muda wa saa tatu, na nje hakuna hata tone. Ama haipozi, ama maji yanakusanyika ndani na utayaona muda si mrefu. (Walio Dodoma mwezi wa nane msiwe na hofu, hewa yenu kipindi hicho ni kavu, AC inaweza kupoza vizuri na isitoe maji ya maana.)

Chini ya koili kuna trei. Maji yanateleza kwenye mapezi, yanaingia kwenye trei, yanatoka kwa mpira unaopita kwenye tundu la ukuta hadi nje. Hakuna pampu, maji yanashuka kwa uzito wake tu. Kwa sehemu kubwa, uvujaji wa ndani ya nyumba unatokana na maji kukosa njia katika safari hiyo fupi.

MLETA UZI (naendelea)

Kabla hujampigia mtu, angalia mambo mawili: maji yanatokea upande gani, na yanaanza saa ngapi. Hayo mawili yatakuambia mengi kuliko geji.

Yanaanza dakika chache tu baada ya kuwasha: trei ilikuwa imejaa tangu jana, mpira umeziba. Yanaanza baada ya saa mbili tatu: mpira unapitisha kidogo kidogo, trei inazidiwa taratibu, au koili imeanza kugandisha barafu. Yanamwagika ukishazima: hiyo ni barafu inayeyuka. Yanatoka siku ya mvua tu: hayo hata si ya AC, tundu la ukuta limetobolewa likainamia ndani badala ya kuinamia nje, na mvua inafuata bomba.

Upande nao unasema. Kama ni kona moja tu, tena iliyo mbali na mpira, weka pimamaji (kile kifaa cha mafundi wa ujenzi) juu ya uniti. Utakuta imelala upande. Kama yanatambaa ukutani nyuma ya uniti, tazama maungio ya mpira na ile sponji nyeusi inayovishwa mabomba ya kopa. Kama AC inatema vitone pamoja na upepo, koili au ile feni ndefu ya ndani, blowa, imeshika uchafu kiasi kwamba maji hayatelezi tena kwenda kwenye trei, yanarushwa.

Sasa mpira. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye shida nyingi.

Vumbi linalopenya filta linanata kwenye koili iliyolowa, maji yanalisomba hadi kwenye trei, na kwenye giza na ubichi ule panaota ute. Ukiuvuta unatoka mrefu, wa kijivu au wa kahawia, unateleza mkononi. Huo ndio unaoziba. Upande wa nje kuna wadudu: nyigu wanajenga udongo mdomoni mwa mpira, sisimizi wanaingia, mjusi naye nimemtoa mara nyingi tu. Halafu kuna makosa ya kufunga. Fundi anazungushia tepu kopa, waya na mpira kwa pamoja, kisha mpira unakuwa juu ya kopa badala ya kuwa chini kabisa. Au unapandishwa kidogo kukwepa dirisha, kisha unashushwa. Pale ulipopanda maji yanalala, uchafu unatulia, na ukazibika mwaka huohuo. Mteremko unaotakiwa ni sentimita moja kwa kila mita, ikiwa mbili ni bora zaidi, bila kupanda popote.

Kujua kama umeziba ni rahisi. Zima AC kwenye breka yake, usitegemee rimoti. Fungua kifuniko cha mbele, toa filta, mimina kikombe cha maji safi polepole kwenye mapezi ya koili, upande ulio mbali na sehemu ya umeme (sehemu ya umeme huwa pembeni, mara nyingi mkono wa kulia, na hapo pasiguswe na tone). Mwenzio asimame nje kwenye mdomo wa mpira. Baada ya muda mfupi maji yatoke, tena yatoke kwa mtiririko. Yakichelewa au yakitoka matone matone, umepata jibu.

Kuzibua, vuta kutoka nje. Mashine ya kufyonza inayokubali maji, ukizungushia kitambaa pale inapokutana na mpira, ikivuta dakika moja mbili ute wote unatoka. Kupuliza kuelekea ndani ni njia ya haraka ambayo wengi wanaitumia, lakini inarudisha uchafu kwenye trei na mara nyingine inachomoa maungio yaliyo ndani ya ukuta. Na tafadhali msimimine jiki kwenye koili. Inakula aluminiamu, na harufu yake mtaivuta usiku kucha. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo yanatosha.

Filta nayo ioshwe kila baada ya wiki mbili tatu kama mnakaa kando ya barabara ya vumbi. Maji ya bomba, brashi laini, ikaushwe kivulini. Hiyo kazi haihitaji fundi hata kidogo.

KIJANA WA TABATA

Mkuu uzi mzuri sana. Yangu ilianza kuvuja ndani baada ya jirani wa chini kulalamika kwamba maji yanamlowanishia nguo, tukaweka dumu na kuingiza mpira ndani yake. Tangu hapo kila usiku maji yanarudi chumbani. Mpira ni mpya kabisa, haujaziba.

MLETA UZI

Ndugu yangu, mpira wako unazama kwenye maji. Dumu likishajaa kufikia mdomo wa mpira, hewa iliyo ndani haina pa kutokea, maji yanagoma kushuka, trei inafurika. Chukua ndoo yenye mdomo mpana, mpira uishie juu kabisa, usiguse maji hata ndoo ikikaribia kujaa. Ufunge kwa waya usiteleze. Au ongezea bomba la PVC mpaka chini kwenye mfereji, jirani naye apumzike. Usiliunganishe moja kwa moja na bomba la choo, gesi ya shimo itapanda hadi chumbani.

Na hiyo ndoo imwagwe na kusuguliwa. Mbu wa dengue, Aedes, anataga kwenye maji masafi yaliyotulia karibu na nyumba, na kwa joto letu yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba mpaka kumi. Dar tumepata milipuko ya dengue 2014 na tena 2019. Ndoo ya AC iliyosahauliwa nyuma ya nyumba ni mahali anapopapenda. Ukimwaga kila siku hapati nafasi.

MAMA WATATU

Shikamoo fundi, samahani kama nimekukosea umri. Yangu usiku haina shida yoyote, ila nikiizima asubuhi maji yanamwagika kama nusu beseni. Fundi aliyekuja kasema gesi, anataka laki na ushee. Nimpe?

MLETA UZI

Marahaba mama, na asante kwa heshima. Usimpe kwanza.

Leo usiku ikiwa imeshawaka kwa muda wa saa tatu au nne, inua kifuniko cha mbele uchungulie kwa tochi ya simu. Nina hakika utakuta barafu nyeupe kwenye koili. Usiku inaganda, asubuhi ukizima inayeyuka yote kwa mkupuo, na trei haiwezi kumeza maji yote yale kwa wakati mmoja.

Barafu ina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni hewa haipiti: filta imejaa vumbi, koili imeziba, blowa imevaa uchafu, au AC inaendeshwa kwa feni ya chini kabisa usiku kucha kwa nyuzi 16. Koili haipati joto la chumba, baridi yake inashuka chini ya sifuri, jasho linaganda. Ya pili ni gesi kuwa pungufu. Zote mbili kwa macho zinafanana.

Na hapa naomba kila mtu asome taratibu. Filta na koili vikiwa vichafu, presha inayosomwa kwenye geji NAYO inashuka. Fundi akipima kabla ya kuosha, geji itamwambia presha ndogo, na atakuambia gesi imeisha, pengine kwa nia njema kabisa. Akiongeza, siku koili itakaposafishwa mfumo utakuwa na gesi kupita kiasi, kompresa, ile pampu ya gesi kwenye uniti ya nje, inabeba mzigo usio wake, umeme wa LUKU unakwenda, na siku moja kompresa inakufa. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: osha, zibua, washa dakika ishirini hivi, NDIPO upime.

Mama, kwa leo: zima upoozaji, acha feni peke yake kwa saa mbili tatu barafu iishe, tandika taulo chini. Usiigonge barafu kwa kisu wala bisibisi, ukitoboa kopa hapo ndipo gesi itaisha kweli. Osha filta. Washa tena kwa nyuzi 25, feni ya kati. Ikiganda tena ikiwa safi, hapo tuzungumze gesi.

FUNDI BARIDI

Mkuu mimi niko kwenye hii kazi muda mrefu, naomba nikupinge kidogo. Nimeshajaza gesi AC nyingi zilizokuwa zinavuja maji na zikapona. Unawafanya wateja watuone wezi.

MLETA UZI

Karibu fundi mwenzangu, hoja yako ni ya kweli na naiheshimu. Gesi ikipungua presha inashuka, koili inaganda, maji yanamwagika. Ukijaza, barafu inakoma na maji yanakoma. Sibishi hapo. Swali langu: ilikwenda wapi? Gesi ya AC haichomwi ikaisha. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na friji ya mama nyumbani ina miaka kumi haijawahi kujazwa. Ikipungua kuna tundu, mara nyingi kwenye nati zilizobanwa vibaya. Utaona alama ya mafuta pale, vumbi limegandia, maana mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi. Paka povu la sabuni, litachemka. Ukijaza bila kuziba, mteja atakuita tena msimu ujao na atalipa tena.

Halafu kuna aina za gesi. R22 kwenye geji ya upande wa presha ndogo inatulia kwenye psi (kipimo cha presha) 60 mpaka 70 hivi. R410A, na R32 pia, zinakwenda kwenye 110 mpaka 140. Uniti ya nje ina kibandiko kinachoandika aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Zilizoandikwa R410A na R32 zipimwe kwa mzani, baada ya kuvuta hewa na unyevu wote kwa pampu. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo madirisha wazi, sigara mbali, na asichomelee mtu yeyote bomba lenye gesi ndani. Tukifanya hivyo hakuna mteja atakayetuita wezi.

FUNDI BARIDI

Hapo kwenye povu la sabuni nakuunga mkono. Tatizo wateja hawataki kulipia muda wa kutafuta tundu, wanataka baridi leoleo.

MLETA UZI

Ndiyo maana nimeuandika uzi huu, wajue wanacholipia.

WA UNGUJA

Assalaam alaikum. Sisi tupo Mji Mkongwe, nyumba ya zamani. AC haidondoshi hata tone mbele, lakini ukuta chini yake umefura, chokaa inamomonyoka, na upande wa pili chumbani kwa bibi pameota ukungu. Tumeambiwa ni mvua.

MLETA UZI

Waalaikum salaam. Kama tatizo linazidi hata kiangazi AC ikiwaka, si mvua. Kopa linalorudisha gesi ya baridi kwenye kompresa nalo linatoa jasho, na linapita ndani ya ukuta wenu. Kama sponji nyeusi imechanika, au haikufika mpaka mwisho, linadondosha maji katikati ya ukuta usiku kucha. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji na chumvi inatoka nayo juu. Tundu lifunguliwe, mabomba yote mawili yavishwe sponji nzima, kila bomba peke yake, maungio yake yafungwe gundi, mpira wa maji ukaguliwe kama haujapasuka humo ndani, kisha tundu lizibwe hewa ya nje isiingie. Kuta za zamani zizibwe tena kwa chokaa. Ukipiga saruji juu ya chokaa, maji yaliyobaki ndani yanakosa pa kutokea. Na bibi ahamishwe chumba kwanza, ukungu unasumbua kifua.

MSOMAJI WA MASKATI

Huku Oman kiangazi AC hazizimwi mchana wala usiku. Yetu ipo ndani ya dari ya jipsamu, leo nimeona duara la kahawia darini na AC inajizima yenyewe kila baada ya nusu saa. Je, nisubiri mwisho wa juma?

MLETA UZI

Usisubiri. Za darini mara nyingi zina pampu ndogo inayopandisha maji, na boya linalozima mashine trei ikifurika. Kujizima kwake ni onyo: pampu imekufa au njia imeziba. Jipsamu ikishalowa inakuwa nzito na inaanguka kipande kizima, kwa hiyo msilale chini ya hilo duara.

Na niwataje wengine wote wanaotakiwa kuzima breka sasa hivi, bila kusubiri kujibiwa hapa: maji yanadondokea soketi, swichi, waya wa ekstensheni au runinga, maji yanatoka upande wa sehemu ya umeme ya uniti, breka inaanguka kila ukiwasha, unasikia harufu ya plastiki kuungua, au ukigusa kitu cha chuma kilicho karibu unahisi umeme. Hapo ita fundi umeme, AC baadaye. Kuzima kwa rimoti hakukati umeme ndani ya mashine.

KIJANA WA TABATA

Mkuu mpira umetoka kwenye maji na ndani kumekauka, nakushukuru. La mwisho: haya maji ya AC yanafaa kunywa? Jamaa yangu anaweka kwenye betri ya gari.

MLETA UZI

Kunywa hapana. Hayana chumvi kama ya kisima, lakini yameosha vumbi lote la chumba, yamepita kwenye ute, na yanaweza kubeba chembe za shaba na aluminiamu. Kuyachemsha kunaua vijidudu, metali zinabaki. Betri nayo inataka maji yaliyosafishwa kwa kazi hiyo, uchafu kidogo unafupisha maisha yake, na chupa yake dukani ni bei ndogo kuliko betri. Deki, choo, kuosha baiskeli, maua, huko yatumie yote.